Diski Iliyobanwa Haitaki Papara

Si ajabu, hata leo, kukuta juu ya kabati la nyumba ya askari au katika pembe ya stoo ya ofisi kompyuta ya miaka ya 1990, imefunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Aghalabu mwenyewe amekwisha kununua nyingine, au amestaafu, au amefariki dunia. Lakini ndani ya mashine hiyo huwamo mambo yasiyopatikana penginepo: barua za miaka mingi, hesabu za chama cha kuweka na kukopa, orodha ya waliochangia misiba, au masimulizi ya mzee aliyetaka wajukuu wake wajue alikotoka. Siku mtu anapoamua kuiwasha ili ayatoe mambo hayo, ndipo maneno ya kutisha hutokea kwenye kioo: diski haisomeki, diski imejaa, faili halionekani.

Makala haya yahusu aina moja ya kompyuta hizo, nayo ni ile ambayo diski yake ilibanwa kwa programu ili ichukue mambo mengi kuliko kipimo chake. Hitilafu za diski za namna hii zina sura yake, na mtu asiyezijua huzidhania kuwa kifo cha mashine. Ukweli ni kwamba mara nyingi mali yote ingali imo ndani. Kinachoipoteza ni mkono uliokimbilia kutengeneza kabla ya kufahamu.

SABABU YA KUBANA

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 diski ngumu zilikuwa ghali na ndogo. Kompyuta nyingi za nyumbani na za ofisini zilikuwa na diski za megabaiti 40 au 80 tu, yaani kiasi ambacho leo hujazwa na picha chache za simu. Programu nazo zilikuwa zikinenepa mwaka hata mwaka. Kampuni ya Marekani iliyoitwa Stac Electronics ilileta dawa mwaka 1990, programu iliyoitwa Stacker. Programu hiyo ilibana kila kilichoandikwa kwenye diski na kukikunjua tena kila kilipotakiwa, mtumiaji asijue lolote. Mwaka 1991 mfumo wa DR DOS 6.0 ulikuja na programu yake ya kubana, SuperStor. Mwezi Machi 1993 kampuni ya Microsoft ikatoa MS-DOS 6.0, na ndani yake mlikuwa na DoubleSpace, jina lenye kuahidi nafasi maradufu.

Elimu ya kubana haikuwa uchawi. Mizizi yake ni kazi ya wataalamu wawili, Abraham Lempel na Jacob Ziv, waliyoitangaza mwaka 1977. Chukulia karani anayenakili orodha ya askari mia moja, na kila mstari una maneno yale yale ya cheo na kikosi. Karani mwerevu haandiki maneno hayo mara mia. Huyaandika mara moja, kisha kila mstari unaofuata huweka alama fupi yenye maana ya "kama juu". Programu hufanya hivyo hivyo kwa herufi. Maandishi na majedwali hubanika sana. Lakini faili ambalo limekwisha kubanwa kwa njia nyingine, mathalani picha au furushi la ZIP, halibaniki tena, kama nguo iliyokwisha kukamuliwa isivyotoa maji.

Jambo hili lilizua na kesi. Kampuni ya Stac iliishtaki Microsoft kwa kutumia uvumbuzi wake, na mwezi Februari 1994 mahakama nchini Marekani iliipa Stac fidia ya dola milioni 120. Ndiyo maana toleo la MS-DOS 6.21 la mwaka huo lilitoka bila programu ya kubana, na toleo la 6.22 lililofuata likaja na nyingine iliyoitwa DriveSpace. Msomaji ayakumbuke majina haya, kwa kuwa kila moja lina ufunguo wake, na ufunguo wa moja si lazima ufungue mlango wa jingine.

GUNIA NDANI YA STOO

Ili mtu azielewe hitilafu, yampasa kwanza aelewe diski iliyobanwa imekaaje. Na aifikirie diski kuwa stoo ya kambi. Kabla ya kubanwa, kila kitu kimewekwa kwenye rafu yake. Programu ya kubana inapoingia, hukusanya karibu vitu vyote, huvifunga vitita vitita, kisha huvitia vyote katika gunia moja kubwa mno. Gunia hilo ni faili moja tu. Kwa DoubleSpace jina lake ni DBLSPACE.000, kwa DriveSpace ni DRVSPACE.000, kwa Stacker ni STACVOL.DSK. Faili hilo limefichwa, nalo limewekewa alama ya kuzuia lisiguswe.

Kompyuta inapowashwa, programu ya kubana hupakiwa mapema kabisa, hulifungua gunia na kulionyesha kana kwamba ndilo diski C. Diski yenyewe ya kweli hupewa herufi nyingine, aghalabu H. Basi mtumiaji huzoea kufanya kazi ndani ya C, asijue kwamba C yake yote ni faili moja lililolala juu ya H.

Stoo hii ina madaftari mawili. La kwanza, ambalo kila diski ya DOS inalo, hueleza vitita gani ni vya faili gani. La pili, ambalo ni la diski iliyobanwa peke yake, hueleza kila kitita kimewekwa mahali gani ndani ya gunia na kimechukua nafasi ngapi. Madaftari hayo yakipatana, mambo ni salama. Yakipishana, kila kitu kingali humo stooni, ila bwana stoo hajui pa kukipata.

"DISKI IMEKUWA TUPU"

Hitilafu ya kwanza, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa, kwa hakika si hitilafu. Mtu huiwasha kompyuta kwa disketi aliyoiazima, au kwa disketi ya toleo jingine la DOS. Disketi hiyo haina programu ya kubana. Kompyuta huinuka vizuri, lakini gunia halikufunguliwa. Kwa hiyo herufi C sasa ni stoo ya kweli, na humo haonekani ila mafaili machache ya kuwashia. Kazi zote hazipo.

Chukulia mjane wa karani wa kikosi anayetafuta hesabu za chama cha kufa na kuzikana alizoziweka marehemu. Humwita kijana wa jirani mwenye kusifiwa kwa ujuzi. Kijana huwasha kwa disketi yake, hutazama, na kusema, "Mama, diski hii ni tupu, ila pana faili moja kubwa sana lililofichwa, halifunguki kwa lolote. Nilifute tupate nafasi?" Mama, kwa kumwamini, huitikia, "Mwanangu, wewe ndiwe ujuaye." Hapo hapo, kwa amri moja, miaka kumi ya hesabu imekwisha, wala hapana aliyekusudia ubaya.

Jibu lililo sahihi lilikuwa dogo. Kijana angeandika DIR /A ili ayaone mafaili yaliyofichwa, na jina la DBLSPACE.000 au DRVSPACE.000 lingemwambia kwamba diski imebanwa. Kisha angetafuta disketi ya kuwashia ya toleo lile lile lililobana, yenye faili la DBLSPACE.BIN au DRVSPACE.BIN. Hilo likiwapo, gunia hufunguliwa wakati wa kuwasha, na kila kitu hurudi mahali pake. Pengine hata faili hilo la .BIN ndilo lililofutwa na mtu kwenye diski yenyewe, na kulirudisha tu kwatosha kuponya ugonjwa wote.

Na ikiwa gunia limekwisha kufutwa? Kompyuta izimwe pale pale, isiandikwe herufi hata moja. Faili lililofutwa kwenye DOS halikwanguliwi mara hiyo. Jina lake tu ndilo hukatwa daftarini, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi. Programu ya UNDELETE iliyokuja na MS-DOS 6 yaweza kulirudisha, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Kila dakika ya kujaribu hili na lile hupunguza tumaini hilo.

"IMEJAA, HALI NAFASI IPO"

Hitilafu ya pili huwaudhi wengi. Kompyuta hutangaza kwamba zimebaki megabaiti 20, lakini mtu akinakili faili la megabaiti 15, huambiwa diski imejaa. Hapa hapana uongo, pana makisio. Programu ya kubana haiwezi kujua mapema mambo yajayo yatabanika kiasi gani, kwa hiyo hukisia, kwa kawaida kwamba kila viwili vitageuka kimoja. Ikiwa nafasi ya kweli ni megabaiti 10, huandika 20. Faili lililokuja likiwa ni ZIP au picha, halibaniki, na zile 10 za kweli hazilitoshi.

Dawa yake si kufuta ovyo. Amri ya DIR /C huonyesha kila faili limebanika kwa kiasi gani. Mafaili yasiyobanika yahamishiwe diski H ikiwa ina nafasi, au kwenye disketi. Kisha amri ya DBLSPACE /RATIO hutumiwa kurekebisha makisio yakaribiane na ukweli.

Ndugu zake hitilafu hii ni faili la kubadilishia kumbukumbu la Windows 3.1, liitwalo 386SPART.PAR. Faili hilo la kudumu halikubali kukaa ndani ya gunia. Mahali pake ni diski H. Likiwekwa penye kubanwa, Windows hulalamika kwamba limeharibika. Basi diski H aghalabu huwa na mafaili mawili makubwa yaliyofichwa, moja la kubadilishia kumbukumbu, ambalo Windows yaweza kulitengeneza upya, na jingine lenye mali yote ya nyumba. Asiyeyajua majina asilifute hata moja.

UMEME NA HARAKA YA KUZIMA

Hitilafu ya tatu ndiyo iliyoipa DoubleSpace sifa mbaya mwaka 1993, pale watu walipolalamika kwamba wamepoteza kazi zao. Sababu mojawapo ilikuwa programu ya SmartDrive, ambayo huyaweka maandishi kwanza katika kumbukumbu, kisha huyapeleka kwenye diski baada ya nukta chache. Katika toleo la 6.0 kioo kiliweza kuonyesha kwamba kazi imekwisha, hali maandishi mengine yalikuwa hayajafika diskini. Mtu alizima, na madaftari mawili ya stoo yakabaki yamepishana. Kukatika kwa umeme kulileta msiba ule ule.

Kwenye diski ya kawaida ajali kama hiyo huharibu faili moja au mawili. Kwenye diski iliyobanwa daftari la pili likiharibika, mafaili mengi huweza kupotea pamoja, maana yote yamo katika gunia moja. Ndiyo sababu toleo la MS-DOS 6.2, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo wa 1993, lilirekebisha mwendo wa SmartDrive, likaongeza ulinzi ulioitwa DoubleGuard wa kukagua kumbukumbu ya programu ya kubana, likaleta mkaguzi mpya, ScanDisk, na likaweka njia ya kukunjua diski nzima irudi kama ilivyokuwa, jambo ambalo toleo la 6.0 halikuwa nalo.

Mwenye toleo la 6.0 na aandike SMARTDRV /C kabla ya kuzima. Amri hiyo huyasukuma maandishi yote yaliyosalia hadi diskini.

MAFAILI YALIYOPOTEA NA YALIYOKUTANA

Mkaguzi anapopita, hutoa taarifa za namna mbili kuu. Ya kwanza ni vitita vilivyopotea, yaani vitu vilivyomo stooni lakini havimo katika jina la faili lolote. Hilo si jambo la kuogofya. ScanDisk huvikusanya na kuvipa majina kama FILE0000.CHK, na mtu aweza kuvisoma baadaye aone kama ni barua au takataka.

Ya pili ni mafaili yaliyokutana, yaani mafaili mawili yanayodai kitita kimoja. Kwa kawaida moja tu ndilo lenye haki, na jingine lina kipande kisicho chake. Hapa ni lazima mafaili yote mawili yanakiliwe kwanza kwenye chombo kingine, kila moja kwa jina lake, ndipo mkaguzi aruhusiwe kuyatenganisha.

Mpango wa ukaguzi nao una utaratibu wake: kwanza diski H, kisha C. Gunia haliwezi kuwa zima ikiwa sakafu lililolalia imeoza. ScanDisk yenyewe huuliza kama ianze na diski ya chini, na jibu jema ni ndiyo.

Pengine kompyuta hutangaza kwamba diski iliyobanwa haifunguliwi kwa kuwa vipande vya faili lake vimetawanyika mno. Hapo gunia ni zima, lakini limekatwa vipande vilivyowekwa huku na huko juu ya H. Katika faili la DBLSPACE.INI umo mstari wa MaxFileFragments. Idadi yake ikiongezwa, gunia hukubali kufunguliwa. Na kama kompyuta hugoma kuwaka kabisa kwa ajili ya programu ya kubana, kuanzia toleo la 6.2 mtu aweza kubonyeza Ctrl pamoja na F5 wakati wa kuwasha, nayo ikainuka bila kuigusa programu hiyo.

UTARATIBU WA KUOKOA

Mambo yaliyotajwa yote yana thamani iwapo tu kazi imefanywa kwa mfuatano unaofaa. Diski zenyewe sasa zimepita miaka 25 au 30, na chuma kimechoka. Diski inayogonga au kukwaruza haina ugonjwa wa kubanwa, ina ugonjwa wa mwili, na kila kuwashwa huipunguzia siku. Kwa hiyo mtu afuate hatua hizi.

Kwanza, asiandike lolote kwenye diski ya zamani. Asiweke programu, asiendeshe mkaguzi, asifute.

Pili, anakili kila kitu kabla ya kutengeneza chochote. Diski itolewe na kuunganishwa na kompyuta ya kisasa kwa kiunganishi cha diski za zamani. Kompyuta hiyo mpya yaweza kuuliza kama diski ifomatiwe; jibu ni hapana, bila kusitasita. Windows 2000, XP na zilizofuata hazilifungui gunia la DoubleSpace wala la DriveSpace. Huliona kuwa faili moja kubwa tu. Hilo halidhuru, kwa maana katika hatua hii kinachotakiwa ni nakala, si kusoma. Gunia la DoubleSpace halizidi megabaiti 512, nalo huenea katika flashi ndogo. Ikiwa diski ina sehemu mbovu, ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima, kisha ndipo hurudi kuzibembeleza zilizo mbovu.

Tatu, atambue toleo lililobana, aitafute programu ya toleo hilo hilo. Gunia la DriveSpace 3, iliyokuja na Plus! ya Windows 95, halifunguliwi na DriveSpace ya MS-DOS 6.22.

Nne, matengenezo yafanywe juu ya nakala, katika kompyuta nyingine ya zamani au katika programu ya kuiga mashine za zamani. Nakala ikiharibika, asili ingalipo, na kazi yaanza upya bila machozi.

Tano, kilichookolewa kikunjuliwe, kiwekwe kwenye chombo kisichobanwa, katika nakala mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Sababu ya kubana ilikuwa uhaba wa nafasi, na uhaba huo umekwisha zamani. Hapana haja ya kuliacha gunia lifungwe tena.

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika hatua hizo tano, tatu za kwanza si za kutengeneza hata kidogo. Ni za kujizuia, kunakili na kutambua. Anayetaka kusaidiwa na kijana wa jirani na amwulize swali moja kabla ya kumpa kiti: "Nakala utaiweka wapi?" Kijana mwenye jibu, na akae aanze kazi. Asiye nalo, apewe chai, na kompyuta ibaki imefunikwa kitambaa chake hadi apatikane mwenye jibu.